Kompyuta ya rangi nne ilipataje rangi 1024?

Majuzi nilipeleka king'amuzi kwa fundi pale Mwanjelwa nikakuta mabishano yamepamba moto. Kijana wa bodaboda alikuwa na video kwenye simu: kompyuta kuukuu, kioo chenye chogo, kasha la bati lenye ukubwa wa tranka la bweni, na picha za rangi tele zinapita kiooni. Maelezo chini ya video yalidai kwamba mashine ile ni ya mwaka 1981, kwamba kadi yake ya picha ilitengenezwa kuchora picha kwa rangi nne tu, na kwamba hapo zinaonekana rangi 1024.

Mmoja akasema ni uongo, watu wameichezea video. Wa pili akasema si uongo hata kidogo: kampuni ilizificha rangi ndani ya kadi ili watu wanunue toleo jipya, sasa wajanja wameiflashi kama inavyoflashiwa simu iliyofungwa kwa laini moja. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri redio yake akauliza swali ambalo mpaka leo naliona ndilo la maana kuliko yote: "Sasa fundi, hiyo programu huwezi kuniwekea kwenye TV yangu? Maana rangi zimepauka, hata mchicha siuoni kama mchicha."

Fundi alicheka, akaendelea kulehemu. Nami nilinyamaza, kwa sababu jibu lake haliishi kwa maneno mawili. Nimelileta hapa.

Yule wa kwanza amekosea. Video ni ya kweli. Kazi yenyewe ni programu inayoitwa 8088 MPH, ilionyeshwa mwaka 2015 kwenye tamasha la Revision huko Saarbrücken, Ujerumani, ambako wapenzi wa kompyuta hukutana kushindana nani atazikamua mashine zaidi. Ilishika nafasi ya kwanza kwenye kundi la mashine za kale. Kompyuta ni ile ile ya kampuni ya IBM, kadi ni ile ile, hakuna kipande kilichoongezwa. Wa pili naye amekosea, maana hakuna rangi iliyofichwa mahali popote. Kisa chenyewe ni kizuri kuliko walivyodhani wote wawili.

Tuanze na rangi yenyewe. Ukidondosha tone la maji kwenye kioo cha TV ya chogo ikiwa imewaka (sisi wa miaka ya tisini tumefanya hivyo na tumechapwa kwa ajili hiyo), utaona vijistari vya rangi tatu: nyekundu, kijani na bluu. Ya nne haipo. Njano ya jezi ya Yanga unayoiona pale ni nyekundu na kijani zilizowaka pamoja. Zambarau ya Mbeya City ni nyekundu na bluu. Kwa hiyo tunaposema "rangi" kwenye kioo, tunasema kipimo cha mchanganyiko: kiasi gani cha taa hii, kiasi gani cha ile. Kioo cha chogo chenyewe hakina idadi ya rangi. Kinaweza kuchanganya kadiri utakavyokiagiza. Anayebana ni yule anayetoa agizo.

Anayetoa agizo ni kadi ya picha. Hii ya kwenye video inaitwa CGA, IBM waliitoa mwaka 1981 pamoja na kompyuta yao ya mezani iliyoitwa PC. Kazi yake ni kukumbuka kila nukta ya picha ina rangi gani, kisha kuisomea TV mara 60 kwa sekunde, kama karani anayesoma orodha ya majina upya kila mara bila kuchoka. Kukumbuka kunahitaji nafasi, na nafasi ndiyo iliyokuwa ghali. Kadi ile ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16. Picha moja ya simu yako ya leo haiwezi kuingia humo hata robo yake.

Fikiria una heka moja Uyole. Ukiijaza viazi, mahindi utapanda wapi? Kadi ya CGA ilikuwa na heka moja ya baiti 16,000 za kutumia kwa picha. Ukitaka nukta nyingi, 640 kwa upana na 200 kwa kimo, hizo ni nukta 128,000. Kila nukta inapata biti moja tu, yaani swichi ya kuwasha au kuzima: nyeusi au nyeupe. Ukitaka rangi, unapunguza nukta zibaki 320 kwa 200, kila moja inapata biti mbili, na biti mbili zinatoa majibu manne tu: sifuri-sifuri, sifuri-moja, moja-sifuri, moja-moja. Rangi nne hizo. Piga hesabu zote mbili, baiti moja ikiwa biti nane, utaona heka imejaa ile ile, baiti 16,000 kamili.

Na hata hizo nne hukuruhusiwa kuzichagua utakavyo. Ulipewa seti: nyeusi, samawati, pinki kali na nyeupe, au nyeusi, kijani, nyekundu na kahawia. Ile nyeusi ya usuli ungeweza kuibadili, nyingine unazipokea zilivyo. Ndiyo maana michezo mingi ya kompyuta ya enzi hizo ina mbingu ya samawati, ardhi ya samawati, na watu wa pinki. Macho yangu hayajawahi kuizoea ile seti ya kwanza.

Niseme pia kwamba wengi wetu huku hatukuziona mashine hizi zikiwa mpya. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na CGA ilipotoka, huku bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni, ITV ilianza mwaka 1994. Tulizikuta zikiwa mtumba, mara nyingi bila kioo chake, na hilo la kioo litakuja kuwa muhimu hapo mbele.

Sasa, ukiwa na rangi nne, utapataje ya tano? Njia ya kwanza kila mtu wa Iringa anaijua bila kujua kwamba anaijua. Chukua kikapu cha Iringa kilichosukwa kwa milulu, chenye nyuzi za zambarau zilizopishana na milulu ya asili. Ukiwa nacho mkononi unaona zambarau na unaona kaki. Kiweke ng'ambo ya barabara, unaona rangi moja ya katikati ambayo msusi hakuwa nayo kwenye beseni lake la rangi. Mashamba ya chai ya Tukuyu ni hivyo hivyo: ukisimama barabarani yanaonekana kijani kimoja, ukiingia ndani kuna majani machanga, makuukuu, vivuli na udongo. Jicho likishindwa kutenganisha vitu vidogo, linavichanganya. Wachoraji wa kompyuta walitia nukta nyekundu, ya kijani, nyekundu, ya kijani, wakapata kitu kinachofanana na njano chafu. Inafanya kazi, lakini ukisogea karibu unaona chengachenga, na picha inapoteza makali yake. Haielezi rangi 1024.

Jibu la zile 1024 liko kwenye waya wa njano.

Unaujua. Nyuma ya king'amuzi kuna matundu matatu: jekundu, jeupe na la njano. Jekundu na jeupe ni sauti. La njano ni picha, picha yote, pamoja na rangi zake zote, katika waya mmoja. Hapo ndipo mtu inabidi ajiulize: rangi ni taa tatu, waya ni mmoja, zinapitaje?

Wamarekani walipoanza televisheni, picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, na waya ulibeba kitu kimoja tu: mwanga upande, mwanga ushuke. Mwaka 1953 walipokubaliana mfumo wa rangi, unaoitwa NTSC, tayari nyumba nyingi zilikuwa na TV za zamani ambazo hazikutakiwa kuharibikiwa. Barabara haikupanuliwa. Ni kama Coaster ya Mbeya–Tukuyu iliyokwisha kujaa, halafu anatokea abiria mmoja zaidi na konda hataki kumwacha. Anamwekea kigoda katikati ya viti. Mwanga ulikaa kwenye viti, rangi ikawekwa kwenye kigoda.

Kigoda chenyewe ni kasi maalumu. Rangi inasafiri kama mtetemo mwembamba unaopanda na kushuka karibu mara milioni 3.58 kwa sekunde, umepandishwa juu ya wimbi la mwanga. TV ikipokea, inafanya kazi ya konda kituoni: chochote kinachotetema kwa kasi hiyo inakiita rangi, vilivyobaki inaviita mwanga. Haimuulizi mtu kitambulisho. Aliyekaa kwenye kigoda, ni rangi, basi.

Unaweza kujionea konda akikosea. Kwenye TV ya chogo, mtangazaji wa habari akivaa shati la mistari myembamba ya nyeusi na nyeupe, shati linaanza kumetameta upinde wa mvua, kijani kinapita begani, zambarau inapita kifuani. Zamani tulikuwa tunasema antena imepigwa na upepo. Wala. Mistari ya shati ni myembamba kiasi kwamba mfagio wa TV, yaani mwale unaochora picha mstari kwa mstari, unapoipita, nyeusi-nyeupe-nyeusi-nyeupe zinapishana kwa kasi inayokaribia ile ya kigoda. Shati limekaa kwenye kigoda. TV imeona rangi ambayo shati halina.

Sasa mtu mwerevu anajiuliza: kama shati linaweza kuidanganya TV kwa bahati mbaya, je, mimi siwezi kuidanganya makusudi?

Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alijiuliza hivyo alipotengeneza kompyuta ya Apple II ya mwaka 1977. Rangi zake zilitokana na mistari ya nukta zilizowashwa na kuzimwa, TV ikazigeuza rangi. IBM nao, miaka minne baadaye, walifunga kwenye kompyuta yao kristali inayopiga mara milioni 14.318 kwa sekunde. Mbona namba ya ajabu hivyo? Igawe kwa nne, unapata kasi ile ile ya rangi ya TV ya Marekani. (Igawe kwa tatu, unapata megahezi 4.77, mwendo wa kichakataji cha kompyuta ile. Yaani ubongo wa mashine iliyobadilisha ofisi za dunia ulipangiwa mwendo na kristali iliyochaguliwa kwa ajili ya TV.)

Kwa mpangilio wa nukta 640 kwa upana, kadi ilitoa nukta moja kwa kila pigo la kristali hiyo. Kwa hiyo ndani ya mtetemo mmoja wa rangi zinaingia nukta nne barabara. Nukta nne, kila moja imewashwa au imezimwa, zinapangika kwa namna 16. Zote zimezimwa: nyeusi. Zote zimewashwa: nyeupe. Mbili zimewashwa, mbili zimezimwa, mbili zimewashwa, mbili zimezimwa: mstari wa shati wenye kasi ya kigoda kamili, na TV inaona rangi iliyokolea. Ukisogeza mstari ule ule nukta moja kulia, rangi inageuka kuwa nyingine kabisa.

Kwa nini kusogea kubadilishe rangi? Fikiria ngoma. Mwanzo wa kila mstari wa picha, kompyuta inatuma mapigo machache ya kutangulia ili TV ijue mdundo, huyo ni mpiga ngoma kiongozi. Baada ya hapo TV inasikiliza kila anayeingia: ameingia pamoja na kiongozi, amechelewa kidogo, amechelewa nusu mdundo? Kuchelewa huko ndiko kunaiambia TV rangi ni ipi. Nguvu ya pigo inaiambia rangi imekolea kiasi gani. Nukta moja kulia ni kuchelewa robo mdundo, nayo robo mdundo inatosha kukutoa kwenye familia ya bluu hadi kwenye rangi isiyo jirani yake. Katika zile namna 16, mbili zinagongana, ile ya moja-acha-moja-acha na mwenzake aliyegeuzwa: zinatetema haraka mno hazifai kwa kigoda, zote zinaonekana kijivu kile kile. Zinabaki rangi 15 kutoka kwenye mpangilio ambao kitabu cha maelezo kinasema ni wa nyeusi na nyeupe!

Bei yake ni makali ya picha. Rangi moja inakula nukta nne, kwa hiyo upana wako si 640 tena bali 160. Heka haijaongezeka. Umeng'oa viazi ukapanda mahindi.

Ujanja huu ulijulikana mapema, watengeneza michezo wa miaka ya themanini waliutumia. Kutoka 15 hadi 1024 kulihitaji wazimu wa aina nyingine, na sehemu hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

CGA ilikuwa na mpangilio wa tatu, wa maandishi matupu: herufi 80 kwa mstari, mistari 25. Ulikusudiwa kwa barua na hesabu za ofisi. Lakini kwenye mpangilio huu kila herufi iliruhusiwa kuwa na rangi yake na rangi ya usuli wake, kutoka rangi 16 za kadi. Kumi na sita! Mbona kwenye picha ni nne, kwenye maandishi 16? Kwa sababu kadi haikumbuki kila nukta ya herufi. Inakumbuka tu "hapa kuna U, ya njano, juu ya bluu", na umbo la U linatoka kwenye chipu iliyochongwa kiwandani. Ni kama kumwambia fundi cherehani "nishonee gauni la solo" badala ya kumchorea kila mshono.

Sasa tazama U ya kadi ile. Ina miguu miwili minene. Ukikata kipande chake cha juu kabisa, unapata: nukta mbili zimewashwa, mbili zimezimwa, mbili zimewashwa, mbili zimezimwa. Umelitambua? Ni lile shati. Na kwenye orodha ya herufi za IBM kuna alama ya mshangao pacha, mbili zimesimama pamoja. Kipande chake cha juu ni mistari ile ile, imesogea nukta moja.

Waliotengeneza 8088 MPH wakaiambia chipu ya Motorola 6845, ambayo ndiyo inayohesabu mistari ya kioo, kwamba herufi haina kimo cha mistari minane kama kawaida, ina kimo cha miwili. Kwa hiyo kioo kikajaa vichwa vya herufi, miguu imekatwa, safu 100 badala ya 25. Zidisha: herufi 80 kwa safu 100, kila moja baiti mbili. Baiti 16,000. Heka ile ile tena.

Kila kipande cha U sasa kinapishanisha rangi mbili kati ya 16, na kwenye waya wa njano kila moja ya rangi hizo ina mtetemo wake. Ukizipishanisha kwa kasi ya kigoda, mitetemo inaingiliana inazaa rangi mpya. Rangi 16 za mbele mara 16 za nyuma ni michanganyiko 256 kwa herufi moja. Ongeza alama pacha: 512. Ongeza herufi nyingine mbili zenye vichwa vya kufaa: 1024. Baadhi zinakaribiana sana kiasi kwamba jicho langu halizitenganishi, lakini kuna za kutosha kuchora uso wa mtu wenye vivuli vya ngozi, kwenye kadi ya nyasi za samawati.

Kulikuwa na kikwazo kimoja kilichonichekesha. Kwenye mpangilio huu wa herufi 80, kadi ya CGA ina kasoro: mpiga ngoma kiongozi hafiki vizuri. Mapigo ya kutangulia yanaharibika, TV inakosa mdundo, kila kitu kinatoka kijivu. Dawa yake? Pakaza ukingo wa kioo rangi ya kahawia. Mtetemo wa rangi hiyo umetokea kufanana na wa mapigo ya kiongozi, kwa hiyo TV ikiuona pale pembeni inadhani kiongozi kafika, na ngoma inaanza. Ukingo wa kahawia kuiwasha rangi ya kioo kizima! Mambo haya huyapati kwenye kitabu cha maelezo, unayapata kwa kukesha.

Kuna familia nyingine ya ujanja nitaipitia haraka, kwa sababu haihusu waya bali saa. Mfagio wa TV unachora kutoka juu kwenda chini, mstari mmoja mmoja, zaidi ya mistari 15,000 kwa sekunde. Kama kadi inakubali makopo 16 ya rangi tu, nani kasema makopo hayo lazima yawe yale yale kuanzia juu hadi chini? Fundi rangi mwenye brashi mbio anaweza kubadilishiwa kopo huku mkono unatembea. Kompyuta ya Atari ST, ya mwaka 1985, ilikuwa na makopo 16 kutoka ghala la rangi 512. Watu wakaandika programu iliyobadilisha makopo katikati ya mstari, kila mstari ukapata hadi rangi 48, na kioo kizima kikaonyesha zote 512. Gharama yake ni kwamba kompyuta haina muda wa kitu kingine, imeshikilia makopo. Kompyuta ya Amiga ya mwaka huo huo ilikuja na njia yake ya kuonyesha rangi 4096: badala ya kuitajia nukta rangi nzima, unaiambia "chukua ya jirani yako wa kushoto, badilisha nyekundu tu". Jirani akiwa na mboga ya kufanana na yako unaongeza chumvi, mnakula. Akiwa tofauti kabisa, nukta mbili tatu zinatoka na ladha ya ajabu, ndiyo maana picha zile zina vivuli vya rangi kwenye kingo za vitu.

Turudi kwa kijana wa kuflashi. Ukiifungua kadi ya CGA ukaitazama chipu kwa chipu, huwezi kunyooshea kidole zile rangi 1024. Kadi inatuma mistari ya rangi zake 16. Kioo kinachanganya. Ushahidi rahisi: chomeka kadi ile ile, programu ile ile, kwenye kioo maalumu cha IBM kinachotumia waya mnene wa pini tisa. Waya ule unabeba nyekundu, kijani na bluu kila moja njia yake, viti vya kutosha, kigoda hakuna. Rangi zote 1024 zinatoweka, unaona mistari mitupu na vichwa vya U. Ndiyo maana nilisema suala la kioo ni muhimu. Mtu aliyepata kompyuta hiyo na kioo cha bei mbaya, kilichong'aa na chenye makali, aliona rangi chache kuliko jirani yake aliyeunga kwenye TV ya sebuleni.

Na hata TV ya sebuleni inategemea ya wapi. Hesabu zote hizi ni za mfumo wa Marekani. Sisi tulifuata PAL, ambao kigoda chake kiko kwenye kasi nyingine, kama milioni 4.43 kwa sekunde. TV inayojua PAL pekee ikipewa mawimbi ya CGA haitaona rangi yoyote, sawa na zile kanda za video kutoka Marekani zilizotoka nyeusi na nyeupe. TV nyingi za chogo zilizokuja kwetu zilikuwa na menyu ya kuchagua mfumo, kwa hiyo huku Mbeya jambo hili linawezekana, ukimpata mtu mwenye kadi. Kwenye TV flati usitegemee sana. Zilizo bora zina chujio linalotenganisha mwanga na rangi kwa umakini, konda asiyekubali ujanja, na shati la mtangazaji halimetameti tena. Hata programu za kuigiza kompyuta za kale zilishindwa kuionyesha 8088 MPH ilipotoka, kwa sababu ziliigiza kadi bila kuigiza waya na kioo.

Kuna wanaoamini kwamba ukiongeza RAM rangi zinaongezeka. Kwa CGA hapana, kadi ilikuwa na kumbukumbu yake yenyewe iliyofungwa kwenye zile kilobaiti 16, hata kompyuta ungeipa nyingine kiasi gani.

Niliporudi kuchukua king'amuzi, mama alikuwepo tena, redio bado haijawa tayari. Nikamwambia: "Mama, hiyo programu haiwezi. TV yako ikipauka ni bomba la picha limechoka au waya umelegea, si rangi zilizofichwa." Fundi akasema waya ndio aanze nao, ni bei rahisi kuliko bomba. Yule wa bodaboda, ambaye nadhani anaishi pale, akauliza kama basi kompyuta za siku hizi hazina uongo huo.

Fundi akainama chini ya meza akatoa kioo flati cha kompyuta cha mtumba, nyuma kina kibandiko kimeandikwa rangi milioni 16.2. Nikamwambia kijana namba hiyo imetoka wapi. Kioo cha namna hii kinajua ngazi 64 tu za kila taa, nyekundu, kijani na bluu, ambazo ni rangi 262,144. Ili kupata ngazi ya katikati, kinamulika nukta kwa ngazi hii, mara kwa ngazi inayofuata, haraka mno, jicho linachanganya. Kati ya kila ngazi mbili kinabandika tatu za uongo. Nafasi kati ya ngazi 64 ni 63, mara tatu, jumlisha zile 64 za kweli, unapata 253.

Akafungua kikokotoo cha simu akapiga 253 mara 253 mara 253. Kikaandika 16194277. Akakitazama kibandiko, akaitazama simu.

"Kumbe hawa walau wamesema," akasema.

Mama akauliza redio itakuwa tayari saa ngapi.